Jina la Baba Mkwe

"Jina la mgonjwa?"

Nowethu aliinamisha kichwa. Tangu foleni ya kliniki ya macho ilipoanza kusogea alijua kwamba swali hili linakuja, na alikuwa ameomba Mungu dirishani akae mtu mzima. Aliyekaa alikuwa kijana, kola imenyooka, uso wa haraka.

"Ni baba wa mume wangu," alijibu.

"Sikuuliza ni nani wako, mama. Nimeuliza jina lake."

"Limeandikwa kwenye kadi."

"Kadi naiona. Nataka ulitaje mwenyewe, nijue mgonjwa ana mtu wake. Ndiyo utaratibu." Alingoja kidogo, kisha akamgeukia mwenzake na kusema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Umeona mambo? Kaleta mgonjwa, hata jina lake halijui!"

Watu walicheka. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye benchi la nyuma, kofia mapajani, fimbo kati ya magoti, mboni za macho zimefunikwa na mtoto wa jicho hadi zikawa na rangi ya maziwa yaliyochujwa. Alitazama mbele kama mtu asiyesikia. Alisikia kila neno.

Mama mmoja mnene aliyekuwa nyuma ya Nowethu alinyoosha shingo, akaisoma ile kadi chini ya kioo. "Mbuyiselo," alitamka. "Haya, andika. Huyu ni makoti, we mtoto. Unataka alitaje jina la baba mkwe wake kwenye kidirisha chako? Mama yako alikulea wapi?"

"Huku ni mjini, mama."

"Kwa hiyo adabu mliiacha stendi, mliposhuka kwenye basi?"

Safari hii kicheko kilimwangukia kijana, naye akaandika haraka. Upasuaji ulipangwa baada ya Krismasi. Nowethu alimshukuru yule mama kwa kuinamisha kichwa, akarudi kwenye benchi, akashika ncha ya chini ya fimbo. Mzee alishika ncha ya juu. Ndivyo walivyotembea mjini kote: mkwe mbele, mzee nyuma, fimbo katikati, wala mkono wa mmoja haukugusa wa mwenzake. Watu wa magari walipunguza mwendo kuwatazama.

*

Kwetu makoti, mke aliyeolewa katika ukoo, halitamki jina la baba mkwe. Halitamki kwa hasira, halitamki kwa mzaha, halitamki hata katika sala. Hamgusi, hamtazami usoni, hapiti mbele yake kichwa wazi, na ndani ya nyumba kuna upande ambao si wake kukanyaga. Kule kijijini, ambako kila mtu ana nyumba yake ya kulala na uwanja wa ng'ombe katikati, heshima hii haimbani mtu. Huku Mthonjeni, mtaa wetu wa vibanda mjini, ndani ya kibanda cha mabati chenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, ilikuwa sarakasi. Nowethu alifagia hadi mpaka wa pazia, akausukuma ufagio upande wa pili kwa mpini mrefu, akauvuta tena. Chakula alikiweka chini ya pazia na kugonga sufuria mara moja. Tangu mzee aletwe kutoka kijijini kuja kutibiwa macho, hakuna aliyemsikia Nowethu akilalamika.

Lakini wifi yake alilalamika kwa niaba ya ulimwengu mzima. Nothobile, binti mkubwa wa mzee, aliishi uchochoro wa pili, na kila Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani, koti jekundu la chama cha akina mama limefungwa vifungo hadi kooni, kofia nyeupe kichwani, macho yakitafuta kosa.

"Wifi, kitambaa chako kimerudi nyuma," alisema Jumapili ile, hata kabla hajakaa. "Nywele zinaonekana."

"Samahani, wifi."

"Tata hazioni, najua," alisema, akimaanisha baba yake. "Mimi naziona."

"Nazifunika, wifi."

"Na huu mchuzi? Mbona mwepesi hivi? Huyu baba alichimba dhahabu miaka yote ile ili aje anywe maji ya moto kwa mwanawe?"

Nyuma ya pazia mzee alikohoa. "Nothobile, mchuzi ni mzuri."

"Tata, wewe unamtetea kwa sababu huuoni."

"Mchuzi hauonwi, mwanangu. Unanyweka."

Nowethu aliuma mdomo asicheke, kwa sababu kucheka maneno ya baba mkwe nako kungepata mahakama yake. Alimfunga mgongoni mwanawe mdogo, Anda, ambaye alikuwa akilia kwa vumbi. Upepo wa kusini-mashariki ulikuwa umeanza tangu Ijumaa, nao haukuonyesha dalili ya kuchoka. Mabati yalipiga kelele kwenye mapaa ya mtaa mzima, mchanga ukaingia kwenye chai, na kila mwenye jiko la mafuta ya taa alilisogeza mbali na mlango ili lisizimike. Wengi walilisogeza karibu na kitanda.

Zimamoto walikuwa wameshatuonya kuhusu hilo. Majira ya baridi walikuja kwenye uwanja wa bomba, mwanamke mmoja mwenye buti kubwa akasimama juu ya kreti na kutufundisha. Moto ukianza, alisema, toeni watu, vitu acheni. Msiweke kitu chochote uchochoroni, maana uchochoro ndio mlango wenu wa kutokea na ndio mlango wetu wa kuingilia. Mtu akauliza, "Nikiliacha kabati langu, serikali itaniletea jingine?" Yule mwanamke akajibu kwa ukweli wake wote kwamba serikali italeta godoro, blanketi na sabuni. "Basi mimi natoka na kabati," yule mtu alisema, na uwanja mzima ukacheka. Nothobile alicheka hadi akashika ubavu. Nami nilicheka, kwa kuwa nina kabati.

Mtu asiyeishi vibandani atashangaa kwa nini kabati. Nyumba yetu ni ya bati, inaweza kusimamishwa upya kwa siku moja. Kabati ndilo lenye vitambulisho, sare za shule, nguo za kanisani, vyeti vya watoto, na picha ya marehemu. Mtu akikuuliza unaishi wapi, kwa kweli unaishi ndani ya kabati.

*

Moto ulianzia juu, upande unaotoka upepo, kwa watu waliokuwa wakipika chakula cha mchana cha Jumapili ile ile. Jiko lilipinduka. Hakuna zaidi ya hapo, na hakuna wa kulaumiwa kuliko mwingine. Mtu alipiga kelele mara moja, kisha filimbi, kisha sufuria zikaanza kugongwa kutoka kibanda hadi kibanda, na tulipochungulia tukauona.

Nimeona mioto mingi Mthonjeni, lakini ule sikuwahi kuuona mfano wake. Haukupanda juu. Upepo uliulaza chali, ukawa unakimbia kwa tumbo juu ya mapaa, ukitoa sauti ya mtu anayechana shuka refu lisiloisha. Mabati yaliruka angani yakizunguka polepole, mekundu, kana kwamba hayana uzito. Kuna watu walisimama tu wakatazama, midomo wazi, ndoo mkononi, na siwezi kuwacheka. Kitu kikubwa kiasi kile kinakuondolea akili kwa uzuri wake kabla hakijakutia hofu.

"Kabati!" Nothobile alipiga kelele. "Wifi, kabati! Shika huko!"

"Na Tata?"

"Tata yuko na miguu. Shika!"

Nowethu alilisogelea pazia. "Tata," aliita, macho chini, "kuna moto. Tutoke."

"Nimesikia, mwanangu. Tangulieni na watoto. Mimi nitafuata ukuta."

Fimbo ilikuwa mkononi mwake, ncha ya chini imeelekezwa kwenye pazia, tayari kushikwa. Nowethu aliiona. Mkono wake wa kulia ulikuwa tayari chini ya kabati, na Nothobile upande wa pili alikuwa ameshaanza kuvuta. Akafikiri: nitalitoa nje ya mlango tu, nirudi. Ni hatua chache. Anda alikuwa mgongoni, mkubwa wake, Luphelo, ameshika sketi ya shangazi yake.

Walilitoa. Nje, kila nyumba ilikuwa imetoa la kwake. Uchochoro mzima ulikuwa umegeuka sebule ya maajabu: makabati, friji, makochi, vitanda vilivyosimama wima, meza ya kupigia pasi, na watu katikati yake wakisukumana. Nyuma yao kulikuwa na wengine wenye vitu vyao, hivyo haikuwezekana kusimama mlangoni. Walisukumwa na kabati lao hadi pale uchochoro unapokatiza kona, na hapo kabati likakutana na friji ya jirani, likalala upande, likakwama kati ya kuta mbili. Nothobile na Luphelo walikuwa upande wa salama. Nowethu alijipenyeza chini ya mlango wa kabati na mtoto mgongoni, akatokea huko huko. Alipogeuka, nyuma yao njia ilikuwa imefungwa kwa mbao na chuma hadi kifuani, na vitu vingine bado vinarushwa juu yake.

"Tata yuko wapi?" Nothobile aliuliza.

Nowethu alimfungua mtoto mgongoni, akamtupia wifi yake bila neno, akapanda juu ya friji.

Alimwona. Mzee alikuwa upande wa pili, ametoka nje kama alivyosema, mkono mmoja unapapasa ukuta wa bati, kofia kichwani imenyooka. Moshi ulikuwa umeshuka hadi mabegani mwake. Alifika mahali ambapo ukuta unaisha, akasimama. Kulia kwake kulikuwa na kona ya kuja kwao. Kushoto kulikuwa na njia inayopanda juu, na juu kulikuwa na moto.

"Tata!" Nothobile alilia. "Tata! Tata!"

Mzee aliinua uso. Lakini kila mtu mtaani alikuwa akiita Tata wake. Kulia waliita Tata, kushoto waliita Tata, mtoto mmoja upande wa juu alikuwa akiita kwa sauti nyembamba iliyokata masikio, "Tataaa!" Mzee aligeuza kichwa huku na huku. Alikuwa na sikio zuri, ndilo lililokuwa jicho lake, na siku hiyo sikio lilimletea baba wa kila mtu.

"Bhele!" Nothobile alijaribu jina la ukoo. Wanaume watatu waligeuka, wote Bhele, hakuna aliyekuwa baba yake.

Kisha mzee alichagua. Sauti ya mtoto ilikuwa ndiyo iliyomlilia zaidi, labda alidhani ni Luphelo. Alitoa mkono kwenye ukuta, akatanguliza fimbo, akaanza kupanda kushoto.

"Anaenda kwenye moto," Nothobile alisema. Hakupiga kelele, alisema tu, akakaa mchangani na watoto wawili. Binti naye hamwiti baba yake kwa jina. Kinywa chake kilikuwa kimefungwa tangu kuzaliwa.

Nowethu alikuwa amesimama juu ya friji. Kitambaa kilikuwa kimechukuliwa na upepo. Wanasema waliomtazama usoni kwamba kabla ya kutamka alitetemeka midomo kama mtu anayeingia maji ya baridi, nami nasadiki.

"Mbuyiselo!"

Lilitoka kubwa. Jina ambalo hakuwahi kuliachia hata mnong'ono, lililokaa ndani yake tangu siku aliyoingia kwenye ukoo ule, lilitoka likiwa na nguvu zote za miaka hiyo. Watu waliokuwa karibu walinyamaza. Naapa walinyamaza. Wanaume wenye ndoo waligeuka kumtazama makoti kichwa wazi juu ya friji akimwita baba mkwe wake kama anavyoitwa kijana wa rika lake.

Mzee alisimama.

"Mbuyiselo! Si huko! Geuka!"

Aligeuka. Aligeuka mwili mzima, taratibu, kama mtu aliyeguswa begani.

"Njoo kwenye sauti yangu! Mbuyiselo, njoo! Ukuta uko kulia kwako. Ushike. Hapo. Njoo!"

Naye akaja. Mzee aliyekuwa akitembezwa kwa ncha ya fimbo alikuja peke yake ndani ya moshi, hatua kwa hatua, uso umeelekezwa juu kidogo, na nyuma yake kibanda cha mwanawe kikashika moto kwa mshindo mmoja. Hakugeuka. Kila alipositasita aliitwa, kila alipoitwa alikwenda. Sijui nilichoona ni ushujaa wa nani. Nilitokwa na machozi na sikujua kama ni ya moshi.

Fimbo iligonga kabati. "Kuna kitu hapa," alisema, kwa utulivu wa mtu anayeuliza njia.

"Ni kabati. Nipe mikono."

"Mwanangu..."

"Mikono, Mbuyiselo! Yote miwili!"

Nowethu alilala kifudifudi juu ya lile kabati, akamshika viganja, akavuta. Hakuweza. Akamshika makwapa, kifua kwa kifua, akavuta tena. Hapo ndipo wanaume waliokuwa wameduwaa walipokumbuka kwamba nao wana mikono. Mmoja alipiga kabati kwa shoka hadi likapasuka ubavu, sare za shule na koti la arusi vikamwagika mchangani, na kwa upenyo huo mzee wakamvusha.

*

Gari la zimamoto lilikwama mwanzo wa uchochoro, mbele ya makochi. Yule yule mwanamke mwenye buti kubwa alishuka, akatazama. Alianza kubeba makochi. Nasi tukabeba pamoja naye, kila mmoja akibeba la mwenzake, na ndiyo ilikuwa aibu yetu kubwa zaidi siku ile. Jioni upepo ulipolegea hakuna mtu aliyekosekana. Vibanda havikubaki.

Tulipelekwa ukumbi wa kanisa. Akina mama walileta mikate na chai ya maziwa kwenye ndoo. Mzukisi, mume wa Nowethu, alitoka kazini mbio na sare yake ya ulinzi, akahesabu vichwa vya watu wake kwa kidole, akaketi chini akalia bila kuona haya.

Nowethu alikaa ukutani, nyuma kabisa, miguu imekunjwa, ameomba kitambaa cha mtu akajifunika hadi kwenye nyusi. Mikono ilikuwa imeungua kidogo. Watu waliopita walimtazama, wakatazama pembeni, na minong'ono ilikuwa inamfikia.

"Amemwita kabisa, kwa jina. Si mara moja."

"Na kumshika je? Kifua kwa kifua."

"Lakini jamani, angefanyaje?"

"Sijasema angefanyaje. Nasema amemwita."

Nothobile alikuja akasimama mbele yake. Koti jekundu lilikuwa limechanika bega, kofia haikujulikana iliko. Alimsukumia kwa mguu godoro lake mwenyewe, lile la serikali, na ndipo maneno yalipotoka, tena kwa ukali.

"Kalia hilo. Sakafu ina baridi." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Wazee wa ukoo watataka kuombwa radhi kwa hilo jina, wifi. Unajua. Labda mbuzi."

"Najua, wifi."

"Mimi nitatoa huyo mbuzi. Mimi ndiye niliyesema kabati."

"Nothobile," mzee aliita kutoka kwenye kiti alichopewa. "Makoti yuko wapi?"

Ukumbi ulipunguza kelele. Nowethu aliinuka na kikombe cha bati, akakisogelea kiti, akapiga magoti kwa umbali unaotakiwa, macho sakafuni.

"Nipo, Tata."

Mzee aliweka viganja juu ya fimbo. "Mgodini," alisema, "waliniita namba. Halafu msimamizi akaona namba ni ndefu, akaniita John. Nilimwitikia John mpaka nikastaafu. Nyumbani mke wangu ananiita baba Nothobile. Vijana wananiita Bhele, kama ng'ombe wa zizi moja. Waliokuwa wakiniita jina langu, nimewazika wote." Alipumua. "Leo nilikuwa gizani, watu wanaita, sikujua ni nani anayetakiwa. Nikasikia mama yangu ananiita. Nilidhani nimeshakufa."

"Wazee watasema yao, na mbuzi atachinjwa, mimi mwenyewe nitamla," aliendelea. "Lakini nataka kulisikia sasa, hakuna moshi. Niite tena, mwanangu."

Ukumbi mzima ulimgeukia Nowethu. Nothobile alimwitikia kwa kichwa kumruhusu, kwa haraka, macho yamejaa. Nowethu alifungua mdomo. Yule aliyesimama juu ya friji akaliinua jina lile juu ya moto mkubwa kuliko mioto yote tuliyowahi kuona, sasa alilitafuta ndani mwake likakataa kuja. Uso ulimwiva. Alisogeza kikombe hadi kikagusa vidole vya mzee, na safari hii hakuondoa mkono wake.

"Tata," alinong'ona, "kunywa chai. Inapoa."